Bunduki polisi wameichukua, dubwi bado lipo. Nianzie wapi?

MamaUgali_Igoma:

Habari za humu wakuu. Mimi ni mama ntilie, nipo Mwanza, upande wa Igoma. Sijazoea kuanika mambo ya nyumbani ila hili limenishinda.

Mdogo wangu wa kiume, anayenifuata kuzaliwa, alikuwa mlinzi wa kampuni, mshahara laki moja na themanini. Ana mke na watoto wawili, wamepanga chumba na sebule mtaa wa pili kutoka kibandani kwangu. Hanywi, havuti, na tulikuwa tunamsifia kwa hilo. Kumbe mwenzetu akitoka lindo asubuhi anapitia kwenye frem moja ya duka, kuna dubwi, mashine ya kamari ya sarafu, lile la taa inayozunguka kwenye matunda. Anatumbukiza mia mbili, mia mbili, mpaka jua linakuwa kali. Na sarafu nilikuwa nampa mimi! Analeta noti ya elfu tano, "dada nivunjie", nachota kwenye kopo la Blue Band nampa, nikidhani ni nauli za wiki.

Mwezi wa tatu akachukua laki nne na ishirini za mkewe, hela ya marejesho ya kikoba, ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga chini ya godoro. Kabla ya hapo alishakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, mara mbili. Ijumaa wanakikoba wakaja mchana, wakakaa kizingitini, hawaondoki. Usiku kama saa sita akaacha lindo, akaja nyumbani na shotigani ya kampuni. Wifi yangu alipoiona tu alibeba watoto akatokea mlango wa uani. Yeye akajifungia.

Mjumbe akapiga simu polisi. Zikaja defenda mbili, taa zimezimwa. Askari wa kombati wakalala nyuma ya tofali za jirani anayejenga, mitutu imeelekea mlango ambao kitasa chake nilinunua mimi. Majirani wakaambiwa asitoke mtu. Mkubwa wao, mzee mmoja mwenye sauti ya chini, akaniuliza huwa ananiitaje. Nikasema Dada Mkubwa. Akasema mpigie, ongea naye mambo ya kawaida, usimwahidi kitu ambacho hutaweza kumpa.

Nikapiga, nikaweka spika. Nilijua atalia au atatukana. Alichosema ni hiki: "Dada Mkubwa, ilibaki kidogo. BAR imepita mara mbili, taa imesimama jirani yake kabisa." BAR ni alama ya ushindi kwenye dubwi. Nje amezungukwa na bunduki, yeye bado yupo kwenye mashine.

Tuliongea mpaka saa kumi na moja kasoro. Habari za mama, za ng'ombe wa marehemu baba, nani atawasha jiko langu asubuhi ikiwa mimi nimekaa pale kwenye vumbi. Mwisho akaitoa shotigani dirishani, kitako mbele. Haikulia risasi hata moja, namshukuru Mungu na yule mzee. Kesi ipo na wakili tunaye, hilo msinishauri.

Swali langu: wiki ijayo anatoka kwa dhamana. Dubwi lipo pale pale, hatua kama arobaini kutoka mlangoni kwake, na watoto wanalicheza na sare za shule. Mwenye frem ndiye mwenye nyumba waliyopanga, na anapata mgao. Nianzie wapi kuliondoa? Na hela atakazopata za vibarua tuzishikeje bila kumfanya mtoto mdogo?

KichwaNgumu:

Mtu mzima kaiba hela ya mkewe, kabeba bunduki, halafu lawama kwa chuma? Hilo dubwi lilimfuata kitandani? Mwacheni ndani ajifunze.

MamaUgali_Igoma:

Mkuu, hela ni yeye kaichukua, sijabisha, na mkewe hajamsamehe. Ila jela akitoka atapita njia ile ile.

FunguoZaZamani:

Dada pole sana. Nilikuwa mkusanyaji wa hizo mashine miaka miwili, Shinyanga na Kahama, nazunguka na bodaboda, begi la sarafu mgongoni na funguo shingoni. Kila wiki nafungua, tunahesabu mbele ya mwenye duka, anachukua fungu lake, mimi naondoka na la tajiri. Sijawahi kufungua nikakuta mashine imekula hasara wiki nzima.

Hiyo "taa imesimama jirani" naijua. Watu wananiambia mashine imejaa, sasa hivi itatapika. Haijai. Hata uweke ngapi, haina deni na wewe. Kiasi cha kurudisha kwa wachezaji kimepangwa ndani, na aliyepanga si wewe. Taa ikikaribia BAR unahisi ulikosa kidogo, kumbe umekosa tu, sawa na aliyeangukia mbali. Na ikimtapikia mtu elfu ishirini, zile sarafu zinavyogonga sinia mtaa mzima unasikia. Zinazoingia hazipigi kelele.

Kuhusu kuliondoa: usiende kugombana na mwenye frem. Tulia, piga picha mashine na namba yake, na uulize kibali. Kila mashine inatakiwa iwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Hao watoto wa sare ndiyo silaha yako (samahani kwa neno hilo). Andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa Bodi na kwa mwalimu mkuu wa shule yao. Mwalimu mkuu akija juu, mwenye frem hataweza kusema ni ugomvi wako wa kifamilia.

NesiWaZamu:

Nipo kitengo cha afya ya akili, hospitali ya rufaa, sitaitaja. Hili ni tatizo la kitabibu. Kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ile iliyoanza kutumika 2022, kamari imewekwa kundi moja na ulevi wa pombe na dawa. Dalili unazotaja zote ninaziona: kuficha, kukopa ili kurudisha kilichopotea, akili kubaki kwenye mashine hata nyumba ikiungua.

Akitoka, usiku wa kwanza asilale peke yake. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo, na wenye madeni ya kamari wapo hatarini kuliko mnavyofikiri. Halafu mlete kliniki, aje na mkewe.

Hela: kaeni naye, aseme mwenyewe nani ashike. Laini ya simu inayopokea malipo iwe ya mkewe, yeye apewe ya siku. Deni la kausha damu mkalilipe wenyewe kwa aliyekopesha, msimpe mkononi apeleke. Nimeona familia imeuza kiwanja, hela ikaishia njiani.

MswahiliWaLeicester:

Mimi niko Uingereza. Huku mashine zilizonimaliza zilikuwa kwenye maduka ya kubeti, mtu aliruhusiwa kuweka hadi pauni 100 kwa mzunguko mmoja, na mzunguko ni sekunde 20. Aprili 2019 ikashushwa hadi pauni 2. Kwangu walichelewa.

Kilichonisaidia ni kujipiga marufuku mwenyewe. Huku unasaini, unatoa picha yako, maduka ya eneo lako yanatakiwa kukukataa ukiingia. Hapo Igoma sijui kama kuna karatasi hiyo, ila ndugu yako anaweza kwenda na mjumbe kwa mwenye frem, amwambie mbele ya shahidi: mimi usinivunjie hela, usiniruhusu kukaa hapa. Aende kwa miguu yake. Ukimpeleka wewe itakuwa aibu yako, haitakuwa neno lake.

MamaUgali_Igoma:

Narudi kuwapa mrejesho. Katoka Jumatano. Usiku ule nilimuuliza kama Nesi alivyosema, mdomo ulinikauka. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ile usiku, ndiyo. Leo hapana." Jumatatu tumekwenda kliniki, watatu.

Barua ilipokelewa na mwenyekiti, akagonga mhuri bila kuniangalia usoni. Mwalimu mkuu yeye hakusubiri Bodi, alikuja mwenyewe na fimbo saa nne asubuhi, watoto wakatawanyika. Dubwi limetolewa kwenye frem. Limehamia saluni ya kiume ng'ambo ya barabara, nimeshapiga picha namba yake, ni lile lile.

Kwa mwenye frem bado hajaenda, na sijamsukuma. Siku hizi anazungukia kanisani, njia ndefu, anafika kwangu na vumbi mpaka magotini. Jana amenisaidia kubeba maji, nikampa elfu mbili akanunue sabuni. Bei ilikuwa elfu moja mia nane. Chenji akaitumbukiza mwenyewe kwenye kopo la Blue Band, akalisogeza upande wangu.