Tupeane uzoefu: mvua ya mawe ilikukuta wapi, ukajificha wapi?

Ngosha_wa_Msalala
Wakuu, juzi tumepigwa tena. Robo saa tu, mahindi yamebaki vijiti. Nikakumbuka ile ya usiku wa Machi 3, 2015, iliyoua watu zaidi ya 40 kata ya Mwakata, Kahama. Sisi tulikuwa kijiji cha jirani. Ulianza mlio, kama lori linamwaga kokoto juu ya bati. Bati likang'oka upande mmoja, mawe yakaingia ndani. Baba akapitisha kiganja ukutani, tofali mbichi lile, kikarudi na tope. Hakusema neno. Aliburuta meza ya mninga hadi katikati ya chumba, mbali na kuta, akatusukuma chini yake wote watano, godoro akalitupia juu. Ukuta wa nyuma ulilala chini, wa mbele ukabaki. Mwakata wengi waliangukiwa na nyumba wakiwa usingizini. Ndiyo maana mtu akiniambia "ingia ndani", namuuliza: ndani ya nini?

Mchuma_Majani
Huku Nandi na Kericho tumeyazoea. Hewa yenye unyevu inatoka Ziwa Victoria, inapanda milima, ikifika saa tisa saa kumi mchana inatumwagikia. Kwenye shamba la chai huna pa kukimbilia. Mimi nilijivika kikapu kichwani, majani yote nikamwaga, nikachuchumaa kati ya mistari. Migongo ya mikono ilivimba wiki nzima. Mwenzetu alikimbilia chini ya mkaratusi, nyapara akamfokea hadi akatoka. Haikupita dakika tawi likaanguka palepale. Kisha chai iliyochanika haichumwi, na sisi tunalipwa kwa kilo.

Mbongo_Dallas
Texas ni Aprili na Mei. Simu ilipiga kelele ya tahadhari nikiwa barabara kuu. Walio mbele wakasimama chini ya daraja wakaziba njia, sisi wa nyuma tukabaki kupigwa na mawe ya saizi ya mpira wa gofu. Msifanye hivyo jamani. Nilichepuka, nikaegesha pua ya gari ikielekea mawe yanakotoka, nikajifunika koti, mgongo kwenye kioo cha dirisha. Cha mbele kina tabaka la plastiki katikati: kilipata nyufa tu. Cha nyuma kilimwagika punje punje kama chumvi ya mawe.

Mama_Tunu
Bibi yangu alifunika kioo cha kabati kwa kanga na kutuvua nguo nyekundu. Radi haina habari na rangi ya gauni. Ila alitukataza pia kusimama mlangoni na kushika bomba la maji, na hapo alikuwa sahihi.

Ngosha_wa_Msalala
Mama Tunu, mzee wetu naye alituhesabisha. Umeme ukimulika unaanza moja, mbili, tatu. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ngurumo ikifika kabla ya 30, ng'ombe waachwe, watu waingie. Na baada ya ngurumo ya mwisho tulikaa nusu saa nzima.

Mchuma_Majani
Nusu saa na watoto? Wangu hawangoji hata dakika mbili, wanatoka na sufuria kuokota mawe, wayale na sukari. Kifungua mimba ana kovu juu ya nyusi. Jiwe moja lilikuwa limechelewa.