Tumeuziwa ruta za 4G zisizoshika masafa ya chini, na Mji wa Kale ndio unaoumia

Ndugu zangu wa Mombasa, naandika nikiwa na hasira. Mwaka 2015, mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa nchini, kila nyumba iligharamika kununua king'amuzi, na faida mojawapo ya zoezi lile ilikuwa kwamba masafa ya mawimbi ya redio ya megahezi 700 na 800 yangeachwa wazi kwa ajili ya intaneti ya simu. Hiyo ni mali ya umma, na sisi tuliilipia.

Masafa hayo ya chini hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri kuliko yale ya megahezi 1800, 2300 au 2600. Kwa anayeishi Kibokoni, hapa Mji wa Kale, ndani ya nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa yenye kuta za unene wa nusu mita, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtandao utapatikana au la.

Sasa kampuni iliyoniuzia ruta ya nyumbani ilinihakikishia kwamba eneo letu lina 4G, na kweli juu ya dari inashika vizuri sana, lakini ukishuka nayo sebuleni inakufa kabisa. Nilipopiga huduma kwa wateja nikaambiwa niisogeze dirishani. Nikaigeuza nikasoma kibandiko chake: bendi (yaani namba za makundi ya masafa) 3, 7 na 40, ambazo ni megahezi 1800, 2600 na 2300, basi. Bendi 20, ambayo ndiyo megahezi 800, haimo. Bendi 28, ya megahezi 700, nayo haimo. Simu ya jirani yangu, yenye laini ya kampuni hiyo hiyo, inashika bendi 20 akiwa ameketi sebuleni mwangu. Kwa hiyo mnara unarusha, ila kifaa walichoniuzia hakina uwezo wa kupokea.

Ninafahamu kwamba nafasi katika masafa haya ya chini ni finyu na watu wakiwa wengi kasi hushuka, wala sidai kasi ya ajabu. Nadai huduma niliyoilipia ifike ninapokaa.

Kampuni inibadilishie kifaa au inirudishie fedha zangu. Mamlaka ya Mawasiliano nayo ilazimishe kila muuzaji kuandika bendi nje ya kisanduku kwa lugha inayoeleweka, kabla mteja hajatoa pesa. Aliyeuziwa ruta kama hii, awe Kibokoni, Likoni au Kisauni, aandike hapa mtaa wake na bendi zilizo kwenye kibandiko, ili malalamiko yetu tuyapeleke kwa pamoja.