Kalkulasi au aljebra ya mstari: nianze na ipi kabla ya takwimu?

Mtafuta_Wastani
Wakuu, salaam. Nimekubaliwa kusoma takwimu, nataka kujipanga kabla vipindi havijaanza. Nimeona kozi mbili za kulipia mtandaoni: moja ya kalkulasi (derivativu, yaani kasi ya badiliko, na integrali, yaani eneo chini ya mkunjo), nyingine ya aljebra ya mstari (vekta, yaani orodha za namba, na matriksi, yaani majedwali ya namba). Fedha yangu inatosha moja tu na usajili unafungwa Ijumaa. Nichukue ipi? Au ninunue vitabu nijisomee?

Mzee_wa_Integrali
Mkuu, nusu ya habari umebaki nayo. Takwimu ya ngazi gani? Imebaki miezi mingapi? Kwa wiki una saa ngapi za kukaa na kalamu? Na hesabu uliishia wapi?

Tukisubiri majibu, mimi nasema kalkulasi. Rusha sarafu mara 10, kichwa kitokee mara 7. Kama p ni uwezekano wa kichwa kwa mrusho mmoja, uwezekano wa hayo unakwenda na p⁷(1−p)³. Chukua logi, tafuta derivativu, ilinganishe na sifuri: 7/p = 3/(1−p), unapata p = 0.7. Makadirio mengi utakayokutana nayo yanapita njia hiyohiyo.

Vekta7
Hiyo 0.7 hata asiyesoma angeikisia. Kazi inakuja vigeu vikiwa ishirini.

Mimi niliruka aljebra. Nilikariri hatua za kuzidisha matriksi nikaingia darasa la regresheni. Zoezi la kwanza: kadiria uzito wa watu kutokana na vipimo vyao. Kwenye data kulikuwa na urefu kwa sentimita, na pembeni yake urefu uleule kwa mita. Nikaviingiza vyote, nikiamini vipimo vingi ni faida. Programu ikagoma: matriksi haina kinyume. Nikahakiki data mstari kwa mstari. Nikafuta programu nikaiweka upya. Usiku wa pili nililia mbele ya skrini. Kumbe hakukuwa na kosa la kuchapa hata moja! Safu wima moja ilikuwa ni nyingine mara 100, kwa hiyo majibu yanayofaa hayana idadi na data haiwezi kuchagua moja. Wiki mbili za aljebra zingenionyesha hilo kabla sijawasha kompyuta. Nilikabidhi zoezi bila jibu.

Mzee_wa_Integrali
Pole sana. Lakini bila integrali mbili kwa pamoja, hiyo √π inayotokea kwenye fomula ya mkunjo wa kengele (mgawanyo wa kawaida) utaipokea kwa imani tu. Mwanahisabati Gauss mwenyewe...

Dada_Matriksi
Gauss tena? Njia ya miraba midogo kabisa, ile ya kutafuta mstari unaozikaribia pointi zaidi, aliichapisha mwanahisabati Legendre kwanza, 1805. Gauss alichapisha 1809, ndipo akasema alikuwa anaitumia tangu 1795.

Mzee_wa_Integrali
Lakini ni Gauss aliyeiunganisha na uwezekano, dada. Hapo ndipo takwimu ilipofaidi.

Mtafuta_Wastani
Samahani wakuu, nilibanwa na kazi. Ni shahada ya uzamili. Nina miezi minne, saa sita kwa wiki. Derivativu nakumbuka, integrali zimeyeyuka. Matriksi sijawahi kugusa.

Dada_Matriksi
Basi usilipie aljebra. Mihadhara ya Gilbert Strang, aliyefundisha chuo cha MIT Marekani, ipo bure mtandaoni.

Vekta7
Bure ndiyo, lakini nani atamsahihishia mazoezi? Video inakuridhisha mpaka siku ya kushika kalamu. Somo ambalo hujawahi kuligusa ndilo la kulilipia.

Dada_Matriksi
Mtafuta, jaribu hili kwanza: pointi (0,1), (1,2), (2,4). Tafuta mstari unaozikaribia zaidi, kwa derivativu, kisha kwa kivuli cha vekta (projekisheni).

Mtafuta_Wastani
Kwa derivativu nimepata mteremko 1.5, mstari unaanzia 5/6. Mabaki (y halisi toa y ya mstari) ni 1/6, −1/3 na 1/6. Kwa kivuli nimekwama. Ila nimeona kitu: mabaki nikiyajumlisha napata sifuri. Nikiyazidisha kila moja kwa x yake nikajumlisha, sifuri tena. Inatoka wapi?

Vekta7
Mabaki yamesimama wima juu ya safu zako zote mbili, ya moja-moja (1,1,1) na ya x (0,1,2). Hiyo ni aljebra, ndugu yangu!

Mzee_wa_Integrali
Ni zilezile derivativu mbili ulizozilinganisha na sifuri. Angalia hatua yako ya kwanza.