Msiba wa nchi na ujumbe wa "Kiyama kimekaribia": mnausomaje, mnaoamini na msioamini?

Wa_Ngambo
Assalaam alaykum wanabaraza. Natayarisha mada ya redio ya jamii. Kila nchi ikipatwa na msiba, kabla maiti hawajazikwa, simu zinajaa ujumbe: hizi ndizo dalili za mwisho. Ilikuwa hivyo meli ya Spice Islander ilipozama Nungwi, Unguja, Septemba 2011, ikawa hivyo meli ya Skagit Julai 2012, na wakati wa korona hali haikuwa tofauti. Nataka kujua muumini mwenye elimu anasemaje, asiyeamini anasemaje, na wanapishana wapi khasa. Tafadhali msitukanane.

Maalim_Kijangwani
Wa alaykum salaam. Anza na kisa kinachojulikana, kiko katika kitabu cha hadithi cha Bukhari. Mtume (s.a.w.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo kile. Angenyamaza tu, wangezidi kuamini. Badala yake alisimama akawaambia jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake, mkiona hivyo salini na ombeni. Kwa hiyo mtu anayeshika msiba fulani na kuufanya tangazo la jambo fulani la ghaibu, anafanya kile kile alichokataza Mtume akiwa ndani ya msiba wake mwenyewe.

La pili, dalili za Kiyama zimegawika. Zile kubwa kumi zimo katika hadithi ya Hudhayfa bin Asid, kitabu cha Muslim: moshi, Dajali, mnyama, jua kuchomoza magharibi, kushuka Nabii Isa, Yaajuju na Maajuju, ardhi kudidimia mahali patatu (mashariki, magharibi na bara Arabu), na moto utokao Yemen. Meli kuzama haimo. Dalili ndogo ni nyingi, na baadhi yake zimeanza tangu zama za Mtume mwenyewe, basi ndogo haimaanishi "wiki ijayo". Ilimu ya Saa ni ya Mola peke yake, Al-A'raf aya 187.

La kumwambia mfiwa ni jingine kabisa. Aliyekufa maji ni miongoni mwa mashahidi kwa hadithi sahihi. Hilo ndilo la kumpa mtu aliyekaa kwenye mkeka anangoja maiti, usimhutubie habari za Dajali.

Chumvi_Bahari
Mimi siamini, na jina langu halisi litabaki kwangu kwa sababu mnazozijua. Maalim namheshimu, ila nitasema tunapopishana.

Kwangu mimi swali la kwanza si "kwa nini sasa", ni "kwa nini chombo hiki". Spice Islander ilijengwa 1967, kibali chake hakikufika abiria 700, na uchunguzi ukasema ilibeba zaidi ya 2,000. Skagit ilijengwa Marekani 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa na visiwa katika jimbo la Washington, ikaletwa kuvusha watu mkondo wa Unguja. Ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, mwezi wa saba, upepo wa Kusi umekolea. Hapo hakuna fumbo.

Namna chombo kinavyopinduka pia haina siri. Ukijaza watu na magunia sitaha za juu, kitovu cha uzito kinapanda na chombo kinakuwa kizito kujirudisha kikilala. Maji yakiingia sitaha pana ya magari ndiyo hatari yenyewe. Hayatulii katikati. Chombo kikilala kidogo kulia, yote yanakimbilia kulia na kukilaza zaidi, na abiria wenye hofu wanafanya vile vile kwa miguu yao. Ndiyo maana meli inaweza kuelea imeinama muda mrefu, kisha ikageuka kwa dakika chache.

Kuhusu "matukio yameongezeka": matetemeko ya kipimo cha 7 na kuendelea, duniani kote, ni wastani wa 15 hivi kwa mwaka, kwa hesabu ya zaidi ya karne nzima. Kilichoongezeka ni simu. Na anayetaka kuona mwisho wa dunia Unguja, angekuwapo 15 Aprili 1872. Kipindupindu kilikuwa kimepita 1869 na 1870, kikafuata kimbunga kilichovunja merikebu za Sultan Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, ikawa ndiyo mkulima mkuu wa karafuu. Waliosema dunia imekwisha walikuwa na hoja nzuri kuliko yetu, na mwaka uliofuata watu walikuwa wanapanda miche.

Kwa anayesema msiba ni dalili nina mtihani mmoja. Aandike leo, kabla ya tukio: ni tukio gani likitokea atakubali kuwa SI dalili? Kama vita ni dalili, amani ni dalili, mvua na ukame pia ni dalili, basi hajatabiri kitu. Na linaloniudhi khasa ni kwamba "kudura" inakuwa mwavuli wa aliyeuza tiketi kupita kiasi.

Minara2
Kwa upande wa Wakristo, kwa ufupi. Luka 13:4: mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa, na Yesu akauliza kama wao walikuwa wakosaji kuliko wote wa Yerusalemu, akajibu sivyo. Mathayo 24 inataja vita, njaa na matetemeko, lakini aya ya 6 inasema ule mwisho bado, na aya ya 36 inasema siku na saa hakuna aijuaye. Kwa hiyo anayetaja tarehe amekwishajikosesha. Wafuasi wa mhubiri William Miller wa Marekani walitaja 22 Oktoba 1844. Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, akataja 21 Mei 2011, ikapita, akasogeza hadi 21 Oktoba mwaka ule ule.

Ila jamani tusichukulie mzaha. Shakahola, kule Kilifi, Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wengi wao wakiwa wamekaa bila kula hadi kufa wakingoja mwisho. Mhubiri akianza kuwaambia watu watoe watoto shule, waache hospitali, wauze mali na wahamie porini, hapo si suala la tafsiri tena. Nenda kwa sheha, nenda polisi.

Bi_Mkunguni
Wanangu, mmesahau ujumbe wenyewe. Ule mrefu wa "Sheikh Ahmad, mtunza kaburi la Mtume Madina, ameota ndoto, ukiusambaza utapata kheri, ukiupuuza utapata msiba" ni mkongwe kuliko simu. Mwaka 1908 ulitembea kwa barua za mkono pwani ya Wajerumani (Tanganyika), Lindi na kwingineko, ukitangaza Kiyama. Vita vya Maji Maji ndiyo kwanza vimekwisha, Wajerumani wakashikwa na hofu, wakamshuku Rumaliza, mfanyabiashara wa zamani wa pembe na watumwa, aliyekuwa akiishi Unguja. Sheikh Ibn Baz wa Saudia aliuandikia onyo kuwa ni uongo, na bado unarudi kila msiba ukitokea, watu wamebadilisha mwaka tu.

Mkiletewa ujumbe wowote wa namna hii, tazameni mambo haya. Una tarehe na mahali, au ni "jana" isiyo na siku? Hadithi imetajwa kitabu na nambari, au "Mtume kasema" tu? Chukua maneno saba au manane ya katikati, si ya mwanzo, yatafute kwenye intaneti ndani ya alama za kunukuu. Mara nyingi utayakuta ya miaka kumi nyuma. Picha ya meli itafute kwa picha yenyewe, kwani picha za ajali za Ufilipino zinapita hapa kama za Nungwi. Na sharti la "tuma kwa watu kadhaa la sivyo" likiwamo, huna haja ya kuendelea, futa.

Maalim_Kijangwani
Chumvi, hilo la mwavuli hatupishani hata kidogo. Bedui alimuuliza Mtume lini Kiyama, akajibiwa: amana ikipotezwa, ingojee Saa. Akauliza inapotezwaje? Akajibiwa: jambo likikabidhiwa asiyestahiki. Iko kwa Bukhari. Kwa hiyo anayetaka dalili katika ajali ya meli aitafute gatini, kwa aliyepewa kukagua chombo na kuhesabu abiria, asiitafute mawinguni. Tunapopishana ni hapa: wewe unaona sababu ukasimama, mimi naona sababu na aliyeziumba. Mtihani wako naukubali kwa anayetaja tarehe. Mimi sitaji.

Wa_Ngambo
Shukrani nyote. Maalim, moja la mwisho, wasikilizaji watauliza: wale ambao miili haikupatikana?

Maalim_Kijangwani
Aliyepatikana huoshwa, hukafiniwa na kusaliwa kama kawaida. Kufa kwake shahidi ni kwa akhera, na katika madhehebu yetu ya Shafi kulowa bahari hakutoshelezi kuwa ndiyo kuoshwa, kwa sababu kuosha ni wajibu wa walio hai. Asiyepatikana husaliwa sala ya ghaibu. Lakini mali yake isigawiwe na mkewe asianze kuposwa kwa kukisia. Ipelekwe kesi kwa Kadhi na ushahidi kwamba alipanda: tiketi, orodha ya abiria, aliyemsindikiza bandarini, aliyekaa naye ndani akaokoka. Kadhi akihukumu kuwa amekufa, ndipo mambo ya eda ya miezi 4 na siku 10 (mwenye mimba mpaka ajifungue) na mirathi yanapoendeshwa. Na jambo wanalolikosea wengi: wakizama baba na mtoto pamoja na isijulikane nani alitangulia, hawarithiani wao kwa wao. Kila mmoja anarithiwa na jamaa zake walio hai.