Naomba ushauri: gari la kufunguka paa, niko Mtwara

Habari zenu wadau. Natafuta gari dogo lililotumika, la kufunguka paa, la kwendea Mikindani na mama watoto wikiendi tu. Kazini naenda na pikipiki. Nimebaki na mawili: Mazda Roadster ya sisi 1800, paa la turubai, na Daihatsu Copen ya sisi 660, paa gumu linalojikunja lenyewe kwa haidroliki.

Roadster naipenda mno. Ila niliyoikagua turubai limeanza kuchanika pembeni ya kioo cha nyuma, na kutu imeshika chini ya milango. Mafundi niliowauliza hapa wamezoea Noah na IST, haya hawajayagusa.

Kwa hii chumvi ya bahari, lipi litadumu? Na fundi wa viti vya magari anaweza kushona turubai lisivuje mvua?