Familia ya Landhi: Safari ya Voi

Ami Hamisi: Asalaam aleikum jamaa. Tushapita Taru, twakaribia Mackinnon Road. Tutaswali adhuhuri pale.

Nyanya: Waaleikum salaam mwanangu. Mkimaliza kuswali msikimbilie garini. Nendeni mkaitazame stesheni.

Rukia: Kwani pana stesheni nyanya? Mimi najua msikiti tu 😮

Nyanya: Msikiti wenyewe ni wa reli mjukuu wangu! Sayyid Baghali Shah aliyezikwa pale alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli. Wahindi kama 32,000 waliletwa kwa kazi ile. Walianza hapa Mombasa 1896, wakafika Kisumu 1901. Wazee husimulia kuwa karai la Sayyid lilielea juu ya kichwa chake, halimgusi. Zamani madereva wa gari la moshi wakifika pale walikuwa wakipunguza mwendo, wakipiga honi.

Juma: Na hiyo Road ni barabara gani?

Ami Hamisi: Ya William Mackinnon, mwenye ile kampuni ya Kiingereza iliyoshika pwani kabla ya serikali yao. Ilikuwa njia ya magari ya ng'ombe. Reli ikaja, jina likabaki.

Hale Mwanaisha: Mama, waambie kazi ya baba.

Nyanya: Reli ilikuwa moja tu. Gari la kupanda bara na la kushuka pwani hayapishani ila stesheni, moja liingizwe pembeni lingoje. Babu yenu ndiye aliyekuwa akigeuza njia. Usiku ana taa yake ya mkono, kioo chekundu na kijani, mpini ameuzungusha kitambaa asiungue. Stesheni masta haruhusu gari kutoka mpaka stesheni ya mbele iitikie njia ni tupu. Mimi nateremka daraja la tatu na kikapu cha samaki wa kukaanga, naiona ile taa ya kijani tangu mbali, najua yuko salama.

Juma: Maashallah 🥹

Hale Mwanaisha: Na kambi?

Nyanya: Hiyo nayo wajue. 1954 watu walioshikwa Nairobi wakati wa Mau Mau walifungwa katika kambi za Manyani na hapo Mackinnon Road. Pale pana machozi ya watu, msipite mkicheka.

Rukia: Na hili gari jipya la moshi, Madaraka Express, halisimami hapo?

Ami Hamisi: Halisimami. Lapita reli mpya, ile SGR, upana milimita 1,435, ile ya zamani ni mita 1. Ilipoanza 2017, gari la abiria la zamani likaachwa. Waliokuwa wakiuza chai na mahindi dirishani, soko lao likafa siku hiyo. Mimi liliniuma sana.

Nyanya: Mumefika?

Ami Hamisi: Tumefika. 📷 Picha

Nyanya: Hizo ndizo reli. Hamisi, mshike Juma mkono, umsimamishe kando ya njia, umwonyeshe upande wa Mombasa. Babu yake alikuwa akisimama akitazama huko.

Juma: Nimesimama nyanya. Jua kali, chuma chawaka.

Nyanya: Basi msomee Fatiha hapo hapo.