Nyaraka zangu zimebaki kwenye kompyuta ya steshenari, nianzie wapi?

Binti Masasi:
Wakubwa shikamooni. Wiki iliyopita nilikwenda steshenari moja hapa Masasi kutuma maombi ya kazi. Kijana wa pale aliskani vyeti vyangu na kitambulisho cha NIDA, akafungua barua pepe yangu kwa neno la siri nililomtajia kwa mdomo, kisha tukaunganisha WhatsApp yangu na kompyuta yake ili aipate picha ya pasipoti. Jana nimerudi kutoa kopi, nikaliona faili lenye jina langu palepale kwenye skrini, chini ya la mwalimu aliyenifundisha sekondari, huku mteja mwingine akiyapekua kutafuta lake. Nifanyeje?

Mkorosho:
Pole, dada. Anza na WhatsApp sasa hivi: kwenye simu yako ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uiondoe kompyuta yake. Neno la siri la barua pepe libadilishie kwenye simu hiyohiyo, kwa sababu huenda kompyuta ya dukani imelihifadhi. Wengi hufunga ukurasa tu wakidhani wametoka, kumbe akaunti imebaki wazi.

Bi Mikindani:
Mimi naiogopa zaidi hiyo NIDA. Namba yake ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Kwa hiyo ikiwa namba yako ya siri ya kutumia pesa kwenye simu ni mwaka wako wa kuzaliwa (nami nilikuwa hivyo hadi juzijuzi), ibadilishe. Piga pia *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Binti Masasi:
Ahsanteni. Nikimwambia afute, hataona namtuhumu wizi? Shangazi yake ni jirani yetu.

Mzee wa Lindi:
Mwanangu, hiyo ni haki yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuruhusu kudai taarifa zako zifutwe, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Hata hivyo sheria iweke akiba. Nenda asubuhi kabla ya foleni, mwombe kwa upole, ukae ubavuni mwake hadi afute kwenye folda la skana, kwenye vilivyopakuliwa, na hatimaye kwenye pipa la taka la kompyuta, ambalo husahauliwa sana.

Binti Masasi:
Nimefungua vifaa vilivyounganishwa nikakuta kompyuta mbili, na ya pili siikumbuki kabisa. Zote nimeziondoa. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni pake.